Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya wanyamapori: kabla ya simba hupita nguruwe

Waheshimiwa mliokabidhiwa wanyamapori wa nchi hii, pamoja nanyi mnaosimamia kilimo na halmashauri za pwani na kusini,

Salamu na heshima zitangulie.

Mimi ni mtoto wa Rufiji. Nimekulia kwenye mpunga wa bondeni, na ingawa kazi imenileta Dar es Salaam, kila mavuno narudi nyumbani kumsaidia mjomba. Nawaandikia hadharani kwa sababu barua za kupeleka ofisini nimeziona zinakoishia, na kwa sababu jambo lenyewe si la familia moja.

Kwetu simba akiua mtu, habari huanza siku ya maziko na kuisha siku simba anapopigwa risasi. Askari wa wanyamapori wanakuja, wanasaka, wanaua mmoja au wawili, watu wanalizunguka gari kuutazama mzoga, kisha gari linaondoka. Mwaka unaofuata, nafaka ikikomaa, tunaanza upya. Ombi langu kwenu ni moja: njooni mapema. Njooni wakati nguruwe pori anaingia shambani, maana simba yuko nyuma yake.

Kwa asiyewahi kulala dunguni, nieleze kidogo.

Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti. Kwetu husimamishwa kwa miti minne au sita, sakafu ya fito, paa la nyasi au makuti, na pembeni kuko wazi ili anayeamia alione shamba lote. Ngazi ni gogo moja lililochongwa vidato. Chini hukokwa moto wa magogo makubwa ya kufuka usiku kucha. Kutoka dunguni zinatoka kamba, moja kila upande, hadi kwenye madebe matupu yenye mawe ndani. Ukisikia mpunga unavunjika gizani unavuta kamba, debe linalia kule, na nguruwe wanatimua. Bibi yangu alikuwa akiifunga kamba moja kwenye kifundo cha mguu wake, ili hata usingizi ukimzidi, akigeuka tu debe lilie.

Nililala naye msimu mzima nikiwa na miaka minane. Nguruwe walikuja karibu kila usiku. Hawaji mmoja mmoja, wanakuja kundi zima, mama na watoto, na wanachokula ni kidogo kuliko wanachokilaza. Asubuhi unakuta tuta lililofukuliwa, mabua yamelala chini, na kazi ya miezi minne imekwisha kabla ya jogoo. Ndiyo maana hakuna mkulima wa bondeni anayethubutu kulala nyumbani mpunga ukishapiga rangi.

Usiku mmoja bibi hakuvuta kamba. Nguruwe walikuwa shambani, nawasikia wakikoroma na kutafuna, nikamtikisa. Akanifunika mdomo kwa kiganja. Vyura walikuwa wamenyamaza. Kwa aliyelala bondeni, kunyamaza kwa vyura kunatisha kuliko kelele yoyote, maana hawanyamazi bure. Kisha nguruwe wakakurupuka wote kwa pamoja bila debe kulia, nikasikia kilio kimoja kifupi upande wa mtoni, halafu basi. Bibi hakuondoa mkono hadi adhana ya alfajiri ilipotufikia kutoka kijijini. Tulipoteremka, nyayo zilikuwa zimezunguka moto na kupita chini ya ngazi yetu. Bibi alizifuta kwa mguu, akasema, "Mwenye nyika kapita." Jina lenyewe hakulitaja, na alinikataza kulitaja hadi tutoke bondeni.

Usiku ule simba alikuja kwa ajili ya nguruwe, na alimpata. Miaka mingine humkosa, akamkuta mtu.

Baada ya msiba mmoja kijijini kwetu, mtumishi mmoja wa serikali aliwauliza wafiwa, "Kwani ni lazima mlale huku?" Nilikuwepo. Hakuuliza kwa ubaya, naamini hivyo. Lakini aliyeuliza hakujua kwamba jibu liko kwenye historia ya serikali yenyewe.

Wazee wetu walikuwa wakikaa bondeni, nyumba kando ya shamba, kando ya mto. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali ilianzisha Operesheni Rufiji, ikawahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, kwenye miinuko ya nje ya bonde. Shule na zahanati zikasogea karibu, na kwa hilo hakuna anayelalamika. Lakini rutuba haikuhama. Tope linaloletwa na mto lilibaki bondeni, na mpunga ukabaki huko huko. Tangu hapo Mrufiji akawa na makazi mawili: nyumba ya kudumu kijijini, na dungu la msimu shambani, mbali na majirani, mbali na taa. Zamani simba akinguruma alisikiwa na nyumba ishirini. Sasa anasikiwa na bibi mmoja na mjukuu wake.

Hili la nguruwe si maneno ya vijiweni. Watafiti wamelifuatilia, na miongoni mwao wamo Watanzania. Mwaka 2005 Dennis Ikanda na Bernard Kissui, pamoja na Craig Packer na Hadas Kushnir, walichapisha hesabu ya nchi nzima: tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 na kujeruhi wengine zaidi ya 308. Rufiji na Lindi ndiko tulikoumia sana. Walipotafuta sababu, walikuta mashambulizi yanapanda Machi hadi Mei, wakati mazao yanakomaa na kuvunwa. Walikuta pia kwamba wilaya zilizoathirika zaidi ni zile ambazo wanyama wa kawaida wa kuwindwa na simba wamepungua, ila nguruwe pori wamejaa. Pundamilia na nyumbu hawapo, nguruwe yupo, nguruwe anakaa shambani, na mwenye shamba amelala shambani kumfukuza nguruwe. Simba anafuata chakula chake hadi chini ya ngazi.

Naomba msome tena sentensi hiyo ya mwisho kabla hamjaagiza risasi nyingine.

Mnakumbuka simba wa Rufiji aliyebandikwa jina la Osama. Kuanzia Agosti 2002 hadi Aprili 2004 alihesabiwa kuwa ameua watu 35 katika vijiji vinane. Alipouawa alikuwa simba dume kijana, hajafika miaka minne, na gego lake moja lilikuwa limepasuka, chini yake usaha umejaa. Habari ya jino ikaenea dunia nzima. Hata kijijini watu walishusha pumzi: kumbe alikuwa mgonjwa, kumbe yamekwisha. Mimi jino lile lilinisikitisha, kwa sababu liliwapa watu ruhusa ya kufunga faili. Jino moja haliwezi kueleza watu 563.

Jirani zetu Kenya wana kisa chao, kile cha Tsavo. Mwaka 1898 simba wawili walikuwa wakiwakamata mahemani wajenzi wa reli, wengi wao vibarua waliotoka India, hadi Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja la reli hiyo, alipowaua Desemba ya mwaka huo huo. Mmoja wao naye alikutwa na jino bovu. Ngozi zao ziliuzwa Chicago, zikajazwa, na hadi leo watu wanapanga foleni kuwatazama kwenye jumba la makumbusho. Patterson alikuja kudai waliuawa watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima nywele na mifupa ya simba hao, wakakadiria walioliwa ni kama 35. Yaani sawa na hesabu ya Rufiji. Wa Tsavo wanajulikana kila pembe ya dunia, wa kwetu hata wilayani majina ya waliokufa hayajabandikwa ukutani. Tofauti nyingine inaniuma zaidi: kazi ya reli ilisimamishwa karibu wiki tatu, kwa sababu vibarua walikataa kufa. Mpunga wa Rufiji haukusimama hata siku moja. Mkulima angesimama, mwaka uliofuata watoto wangekula nini?

Watu wasipopewa maelezo, hutafuta ya kwao. Njombe, kati ya 1932 na 1947, simba walisumbua vijiji miaka mingi kiasi kwamba wenyeji waliamini wanaongozwa na mganga, na George Rushby aliyetumwa kuwasaka alikuta watu wanaogopa hata kumwonyesha nyayo. Ng'ambo ya Ruvuma, wilayani Muidumbe kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 2002 na 2003 simba waliua watu kadhaa, kisha watu wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe, jirani akimtuhumu jirani kwamba ametengeneza simba. Huku kwetu nako maneno ya simba wa kutumwa yapo. Mzee mpweke, mwenye macho mekundu ya moshi, anaanza kunyooshewa kidole. Kila mwaka unaopita bila afisa kuja kueleza habari ya nguruwe na msimu, mnamwachia mpiga ramli aieleze kwa niaba yenu.

Kuna jambo jingine walilogundua watafiti, na hili lingeweza kuokoa maisha mwezi ujao bila kugharimu hata shilingi ya mafuta. Mwaka 2011 Packer, Ikanda, Kushnir na mwenzao Swanson walipanga mashambulizi yaliyotokea Tanzania kati ya 1988 na 2009, zaidi ya elfu moja, kwa tarehe za mwezi wa angani. Mashambulizi mengi yalitokea kati ya jua kuzama na saa nne usiku. Na siku za hatari kubwa hazikuwa zile za giza totoro la mwishoni mwa mwezi. Zilikuwa siku zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake ukiielezwa unaiona mara moja: mbalamwezi ikiwaka usiku kucha, simba hawindi vizuri, anaonekana. Njaa inajikusanya. Kisha mwezi unaanza kuchelewa kuchomoza, inapatikana saa moja ya giza baada ya magharibi, halafu mbili, halafu tatu, na saa hizo ndizo watu wanatoka msikitini, wanaenda kuoga, wanatembea njiani kurudi dunguni. Simba ana njaa, giza limerudi, na watu bado wako nje.

Waheshimiwa, sisi ni watu wa kuhesabu mwezi. Kwetu kila mtoto anaujua mwezi wa kumi na nne. Kila msikiti una mtu anayejua leo ni tarehe ngapi kwa hesabu ya mwezi mwandamo, na wavuvi wa delta wanaijua kwa bamvua. Kutangaza kwamba kuanzia tarehe 15 hadi 25 ya mwezi huo watu wasitembee peke yao baada ya magharibi, watoto wasitumwe dukani wala kisimani, na anayeamia awe juu kabla jua halijazama, kunahitaji karatasi moja na kipaza sauti cha msikiti, au kengele ya kanisa kule kwenye kanisa. Tangu 2011 maarifa haya yapo. Nimewauliza watu wa kijijini kwangu, wazee kwa vijana, kama kuna aliyewahi kuambiwa. Hakuna hata mmoja.

Sasa niseme la kifuta machozi.

Kanuni za 2011 ziliweka shilingi milioni 1 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari, na shilingi 500,000 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Kwa mazao kanuni hizo ziliweka kifuta jasho, kwa ekari, na kadiri shamba lilivyokuwa karibu na mpaka wa hifadhi ndivyo mkulima alivyopata kidogo. Aliyekuwa ndani ya mita 500 hakupewa kitu. Wabunge wamelisemea hili mara nyingi, sitarudia hoja zao zote. Najua pia kwa nini mnasisitiza kwamba hiyo si fidia. Hakuna anayedhani roho ina bei. Lakini acheni niwaambie namna kifuta machozi kinavyofika.

Jirani yetu alimpoteza mume wake shambani. Nilimsindikiza mimi mwenyewe, kwa kuwa najua kusoma fomu. Mara ya kwanza tuliambiwa imepungua barua ya mtendaji. Mara ya pili iliyopungua ilikuwa ripoti ya daktari, nasi tulikuwa tumezika kilichobaki jioni ile ile, kama dini inavyotaka, wala gari la kwenda hospitali halikuwepo. Mara ya tatu aliyepokea faili alikuwa amehamishwa. Kila safari ni nauli, ni siku ya kazi, ni mtoto wa kumwachia mtu. Sitaitaja ofisi, kwa sababu waliokuwa mezani walituhurumia kweli, mmoja alinunulia mtoto soda. Fedha ilifika baada ya miaka miwili na miezi. Mama yule aliitazama, akaniambia, "Mwanangu, machozi yameshakauka yenyewe." Alishauza shamba kwa bei ya kutupa.

Kiwango chochote mtakachokiweka, hata mkikipandisha mara kumi, kisipofika kabla ya msimu unaofuata kinakuwa kimemkuta anayekistahili ameshakimbia shamba. Wekeni siku. Siku 60, na ushahidi wa mtendaji wa kijiji pamoja na askari aliyefika eneo la tukio utoshe.

Nilipoanza kuandika barua hii nilitaka kujua wenzetu wanaokaa na wanyama kama hawa wanafanyaje, na mahali nilipokuta panafanana na kwetu kuliko pote ni Sundarbans, kwenye mpaka wa India na Bangladesh. Ni msitu wa mikoko, mkubwa kuliko yote ya aina hiyo duniani, kama delta yetu ya Rufiji ilivyo na mikoko mingi kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki. Huko anaishi chui milia, anayeogelea kutoka kisiwa hadi kisiwa, na anayewakamata wavuvi wa kaa na walina asali.

Mwaka 1986 maafisa wa upande wa India waliona kwamba chui milia hupenda kuvamia kwa nyuma. Wakawagawia watu wanaoingia msituni barakoa zenye sura ya binadamu, wazivae kisogoni, ili mnyama adhani anatazamwa. Kwa muda ilisaidia sana, baadaye wanyama wakaanza kuuzoea ule ujanja. Kilichodumu ni nyavu za nailoni zilizotandazwa kwenye kingo za msitu upande wa vijiji, na chui milia wanaoingia makazini wakapungua. Bangladesh wakaunda vikundi vya wanakijiji wa kujitolea: mnyama akiingia kijijini hupigiwa simu wao kwanza, wanazuia umati, wanamrudisha msituni akiwa hai. Sioni kitu hapo kinachoshinda uwezo wa kata yoyote ya Rufiji, Kilwa au Liwale.

Lakini Sundarbans ina la kutuonya pia. Kuna wanawake huko wanaoitwa wajane wa chui. Waume zao wakiuawa bila kibali cha kuingia msituni, au ndani ya eneo lililofungwa, familia hunyimwa malipo, na mara nyingine wajane huficha hata chanzo cha kifo wasije wakashtakiwa. Wajane hao wamelazimika kwenda mahakamani kudai haki. Kifungu cha mita 500 cha kanuni zetu za 2011 ni ndugu wa damu wa sharti hilo. Mtu hakuchagua mpaka wa hifadhi upite wapi. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilipogeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, mashamba ya watu yalibaki pale pale yalipokuwa.

India hiyo hiyo ilianzisha mradi wake wa kuwalinda chui milia mwaka 1973, ikiwa na hifadhi tisa, na mwaka 2022 ilikadiria kuwa na chui milia 3,682, katika nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja. Wamefanya kazi kubwa. Ila mwaka 2005 waliaibika vibaya: hifadhi ya Sariska, ambayo vitabu vya ofisi vilionyesha ina chui milia, ilikutwa haina hata mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza huku makaratasi yakiendelea kuwahesabu. Nepal nako chui milia walipoongezeka kutoka 121 mwaka 2009 hadi 355 mwaka 2022, dunia ilipiga makofi, na wanakijiji wa kando ya hifadhi wakaanza kuuliza nani anahesabu waliofia kwenye mafanikio hayo.

Swali hilo nawaletea ninyi. Tanzania ina simba wengi kuliko nchi yoyote duniani, na najivunia hilo, nalisema kwa wageni kifua mbele. Simba tunawahesabu kwa kamera, kwa vifaa vya shingoni, kwa ndege. Watu waliouawa na simba tunawahesabu kwa watafiti kuzunguka wilaya hadi wilaya na daftari, miaka baada ya tukio. Nataka kila halmashauri ibandike kila mwaka, kwenye ubao wa matangazo na hadharani, ni watu wangapi walishambuliwa, kijiji gani, mwezi gani, saa ngapi, walikuwa wakifanya nini. Mtu akiona kwamba sita kati ya saba walikuwa njiani kwenda au kutoka dunguni, hahitaji semina.

Msinidhanie namchukia simba. Nimesikia ngurumo yake nikiwa na miaka minane, na hadi leo nikiikumbuka moyo unasimama, na sitaki watoto wangu waijue kwa runinga tu. Lakini nawajua watu wanaoweka sumu kwenye mzoga, na nawajua wanaowanyamazia. Hawafanyi kwa ukatili. Wamezika, wamesubiri, wamechoka. Mei 2023, kule Amboseli, Kenya ilipoteza simba 10 ndani ya wiki moja, akiwemo Loonkito mwenye miaka 19, mmoja wa simba wazee kuliko wote porini. Waliuawa na wafugaji waliochoka kupoteza mbuzi. Sisi tunapoteza watu. Mkimtaka simba wa Rufiji aishi, mpeni mwenye shamba sababu ya kutomuua.

Sababu hiyo inaanza na nguruwe. Kwetu wengi ni Waislamu, nguruwe haliwi, kwa hiyo hakuna anayemwinda kwa kitoweo, na anazaana apendavyo. Gobore za wazee zimekusanywa au zimeoza. Basi leteni utaratibu wa halali wa kuwapunguza nguruwe pori kabla ya masika, chini ya askari wenu, kila kata yenye historia ya simba. Leteni maafisa ugani watuonyeshe kuchimba mtaro kuzunguka mashamba yanayopakana, tukichimba kwa pamoja, maana shamba moja lenye mtaro linampeleka tu nguruwe kwa jirani. Sisi tuna majembe na tuna mikono. Tunachokosa ni mtu wa kutupangia kazi na kukaa nasi hadi iishe.

Na dungu lenyewe. Simba hupanda, na ukuta wa nyasi kwake si ukuta. Dungu lenye miti mirefu iliyonyooka, ngazi ya kuvutwa juu, wavu wa chuma pembeni na choo cha ndoo ndani ili mtu asiteremke usiku, gharama yake wakigawana wakulima wanne au watano wenye mashamba jirani haitafika hata robo ya gharama ya msako mmoja wa gari, posho na risasi. Halmashauri inayotoa mikopo ya pikipiki kwa vijana inaweza kukopesha wavu wa chuma kwa wakulima.

Wiki iliyopita mjomba alinipigia simu. Ameshakata miti sita ya dungu la mwaka huu, ameilaza ikauke chini ya mwembe. Nikamuuliza atalipandisha kimo gani. Akasema litafika pale miti itakapofikia, ila fito za pembeni hajapata, na bado hajajua nani atalala naye kwa sababu mtoto wake wa mwisho ana mitihani. Nikamsomea tarehe nilizohesabu kwenye kalenda: mwezi mpevu utaangukia katikati ya mavuno yake. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nizirudie polepole, aziandike.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mtoto wa Rufiji